Je, Wajua? Kumbukumbu Haikai Peke Yake

Ubongo haupendi upweke. Kila jambo jipya likiingia kichwani hutafutiwa ndugu: harufu, mahali, wimbo, jina la mtu. Ndiyo maana ukikumbuka kimoja, vitano vingine vinafuata bila kuitwa. Na baadhi ya walimu bora wa somo hili duniani wanaishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na wana mikia mirefu. Tuanze nao.

Panya wa Morogoro alipewa medali ya dhahabu na Waingereza

Aliitwa Magawa. Alikuwa panya buku aliyezaliwa mwaka 2013 katika kituo cha shirika la APOPO, ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Mwaka 2016 alipelekwa Kambodia kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na Septemba 2020 shirika la PDSA la Uingereza, ambalo hutuza wanyama mashujaa, likampa medali ambayo hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Hadi anastaafu mwaka 2021 alikuwa amekagua zaidi ya mita za mraba 225,000, eneo linalozidi viwanja 30 vya mpira.

Uzito wake? Kilo 1.2. Alikimbia juu ya bomu nalo halikushtuka. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi panya hulimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kigunduzi cha chuma anaweza kuchukua siku 4, kwa kuwa chombo chake hulia kwa kila msumari na kila kizibo cha soda. Panya hana habari na chuma. Yeye anatafuta harufu ya baruti peke yake. Magawa alifariki Januari 2022, lakini rekodi yake ya kugundua mabomu haikukaa sana: mwaka 2025 Ronin, mzaliwa wa Tanzania vilevile, aliingia kwenye kitabu cha Guinness kwa kugundua mabomu 109 ya ardhini.

Elimu yote ya panya hawa inaanza na mlio mmoja: tik

Hakuna panya anayezaliwa akijua TNT, baruti iliyomo ndani ya mabomu. Akiwa bado mdogo, mkufunzi hubonyeza kidude cha mkononi, tik, kisha humpa ndizi iliyopondwa na karanga. Tik, chakula. Tik, chakula. Baada ya muda mlio wenyewe unakuwa habari njema. Hapo ndipo somo la pili linapoingia: anawekewa harufu mbalimbali kwenye vitundu, na akisimamisha pua juu ya TNT kwa sekunde chache, anasikia tik. Akisimama kwingine, kimya.

Mimi hapa ndipo ninapostaajabu kila mara. TNT hailiki, haivutii, haina maana yoyote kwa panya wa porini. Inapata thamani kwa sababu imefungwa kwenye mlio, na mlio ulikuwa umekwisha fungwa kwenye ndizi. Masomo mawili ya siku tofauti yameshikana mikono ndani ya ubongo mdogo kuliko yai la kuku, na matokeo yake ni kwamba mkulima wa Msumbiji au Kambodia anarudi shambani. Msumbiji, ambako panya wa Morogoro walifanya kazi kwa miaka mingi, ilitangazwa kuwa haina mabomu ya ardhini mwaka 2015.

Soma maneno haya mara moja, kisha endelea

Kitanda, shuka, mto, usiku, ndoto, godoro, mwayo, chandarua, uchovu, blanketi, koroma, mkeka.

Usirudi nyuma kuyatazama. Tutakuuliza baadaye.

Sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20

Kazi ya pili ya panya hawa inafanyika hapahapa nyumbani. Tangu mwaka 2007 wamekuwa wakinusa makohozi yanayoletwa kutoka vituo vya afya ili kubaini kifua kikuu. Sampuli huchemshwa kwanza ili vimelea vife, kisha hupangwa mbele ya panya. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20 hivi. Mtaalamu wa maabara mwenye hadubini angehitaji hadi siku 4. Panya akisimama mahali, sampuli hiyo inarudiwa kwa kipimo kingine kabla ya mgonjwa kuambiwa lolote.

Faida kubwa ni kwa wale ambao kipimo cha kwanza kilisema hawana ugonjwa, wakarudi nyumbani kukaa na watoto. Katika vituo vinavyoshirikiana na mradi huu, idadi ya wagonjwa wanaogunduliwa imepanda kwa takriban asilimia 40. Somo ni lilelile la tik na ndizi. Kilichobadilika ni harufu tu. Na kama umekohoa kwa wiki 2 au zaidi, nenda kapimwe. Dawa za kifua kikuu nchini hutolewa bure.

Kichwani mwako kuna Msamvu

Ukitoka Dar es Salaam, barabara hugawanyika Msamvu, mjini Morogoro: hii yaenda Dodoma mpaka Mwanza, ile yaenda Iringa, Mbeya mpaka Zambia. Abiria wa Singida na abiria wa Njombe, ambao wasingeonana maishani, wananunua maji kwa muuzaji mmoja. Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi, moja kila upande, karibu na usawa wa masikio, na inafanya kazi hiyohiyo. Sura ya mtu inahifadhiwa upande mmoja, sauti yake kwingine, hofu au furaha uliyokuwa nayo kwingine tena. Hipokampasi ndiyo stendi ambamo safari hizo hukutana na kuwa tukio moja: siku ile, pale, na fulani.

Tulilijua hili kwa gharama ya mtu mmoja. Mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyesumbuliwa na kifafa, alitolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kushika tukio jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpima kwa miaka mingi, na kila walipokutana Henry alimwona kama mgeni. Cha ajabu, Milner alipomfundisha kuchora nyota huku akitazama kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku, ingawa yeye mwenyewe aliapa hajawahi kulifanya zoezi hilo. Ustadi wa mikono una makao mengine.

Mambo mawili ya siku moja huishi nyumba moja

Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Ungedhani kila kumbukumbu ingepewa seli zake na kuachwa. Sivyo. Mwaka 2016 Denise Cai, Alcino Silva na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitazama moja kwa moja seli za ubongo wa panya wadogo wa maabara zikiwaka. Panya aliyeonyeshwa chumba kimoja, kisha baada ya saa 5 akaonyeshwa chumba kingine, alivihifadhi vyumba vyote viwili kwa kutumia seli nyingi zilezile. Vyumba vilipopishana kwa siku 7, kila kimoja kilichukua seli zake.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Panya walipopewa mshtuko mdogo wa umeme katika chumba kimoja tu, walianza kukiogopa na kile kingine walichokiona siku hiyohiyo, ambacho hakikuwahi kuwaumiza. Kile cha wiki iliyopita hawakukiogopa. Sababu ni kwamba seli iliyotoka kufanya kazi hubaki changamfu kwa saa kadhaa, na jambo linalofuata huwakuta wenyeji hao wangali macho, likawatumia. Fikiria siku uliyopata habari mbaya, na namna ambavyo hata chai ya asubuhi ile, iliyokuwa haina kosa, imebaki na uchungu.

Mlango wa VVU ndio unaofunga dirisha la kumbukumbu

Juu ya seli nyeupe za damu kuna kipokezi kiitwacho CCR5, ambacho virusi vya UKIMWI hukitumia kuingilia. Mwaka 2022 kundi la Silva lilionyesha kuwa CCR5 hiyohiyo huongezeka ndani ya ubongo wa panya saa kadhaa baada ya kujifunza jambo, na kuituliza ile seli changamfu ili isiendelee kuunganisha. Ni jambo jema: bila kufungwa, kila kitu kingeshikamana na kila kitu. Lakini panya wa umri wa makamo huwa na CCR5 nyingi mno, na mambo yao hubaki yametawanyika. Walipopewa maraviroc, dawa ya VVU iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, walianza kuunganisha tena.

Je, neno "usingizi" lilikuwamo?

Kumbuka ile orodha. Je, ulisoma neno "mwayo"? Ndiyo. "Kiatu"? Hapana. "Usingizi"?

Wengi watasema ndiyo, na baadhi wataapa. Halikuwamo. Henry Roediger na Kathleen McDermott walifanya jaribio la namna hii Marekani mwaka 1995 kwa orodha kadhaa, na washiriki walilitaja neno lisilokuwapo kati ya mara 40 na 55 kwa kila 100. Kitanda, ndoto, mwayo na chandarua vyote vinalivuta neno moja, na ubongo, kwa bidii yake ya kuunganisha, unamleta ndugu ambaye hakualikwa. Shahidi mahakamani anaweza kusema uongo bila kuwa mwongo, na hili kila hakimu anapaswa kulijua.

Harufu hupita njia ya mkato

Tunachokiona, tunachokisikia na tunachokigusa hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo kabla ya kusambazwa. Harufu haisubiri. Kutoka puani huenda karibu moja kwa moja kwenye maeneo ya hisia na kumbukumbu. Tafiti zimeonyesha kuwa kumbukumbu zinazoamshwa na harufu mara nyingi ni za utotoni kabisa, kabla ya miaka 10, wakati picha na maneno hutupeleka zaidi kwenye ujana. Aliyekulia upande wa Matombo au Kinole, ambako Waluguru hulima karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga kwenye miteremko ya Uluguru, anaweza kuwa ghorofani Kariakoo, mtu akafungua mfuko wa viungo, naye akajikuta yuko jikoni kwa bibi yake.

Kuna seli inayojua uko wapi

Mwaka 1971 John O'Keefe wa London aligundua kuwa katika hipokampasi ya panya kuna seli zinazowaka pale tu mnyama anapofika mahali fulani: hii kwenye kona, ile karibu na mlango. Mwaka 2014 alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norwei. Kumbe ramani na kumbukumbu vinakaa chumba kimoja, na huenda ndiyo maana swali "ilikuwa wapi?" huamsha mengi kuliko "ilikuwa lini?"

Usiku nako kazi haiishi. Panya aliyekimbia njia fulani mchana akilala, seli zilizowaka pamoja njiani huwaka tena pamoja, kana kwamba anairudia safari. Matthew Wilson na Bruce McNaughton walilionyesha hili mwaka 1994. Na madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kujifunza mitaa ipatayo 25,000 kabla ya kupewa leseni, walipimwa na Eleanor Maguire mwaka 2000, wakakutwa na sehemu ya nyuma ya hipokampasi iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Kadiri dereva alivyodumu kazini, ndivyo ilivyokuwa kubwa zaidi. Ningetamani sana mtu awapime na wale wanaume na wanawake wanaopanda na kushuka njia za Uluguru na mizigo ya mboga kichwani, bila ramani, hata ukungu ukiwa umefunga.

Tembo wa Tarangire walikumbuka ukame wa miaka zaidi ya 30 nyuma

Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1993 Hifadhi ya Tarangire ilipata ukame mkali. Katika makundi ya tembo yaliyokuwa yakifuatiliwa, ndama 16 kati ya 81 walikufa ndani ya miezi 9, yaani asilimia 20 hivi, ilhali katika miaka ya kawaida hufa asilimia 2 tu. Charles Foley na wenzake walipochunguza nani amepoteza wangapi, waliona tofauti kubwa. Makundi yaliyoongozwa na majike wa umri wa miaka 38 na 45 yaliondoka hifadhini, na ndama wao wengi walinusurika. Kundi lililokuwa na kiongozi wa miaka 33 lilibaki, na vifo vyao ndivyo vilivyokuwa vingi zaidi.

Fanya hesabu. Ukame mkubwa uliotangulia ulikuwa wa mwaka 1958 hadi 1961. Wale majike wakubwa walikuwapo wakiwa watoto. Pengine walitembea nyuma ya mama zao kutafuta maji. Yule mdogo alizaliwa mwishoni mwake. Watafiti, katika ripoti yao ya mwaka 2008, waliona kuwa huenda tembo hawa waliunganisha vumbi la 1993 na safari ya utotoni. Ndiyo sababu jangili anayemwua tembo mmoja mzee anaondoka na pembe mbili na maarifa ya kundi zima.

Historia ya ufalme ilikaa kwenye ubao unaoshikwa kwa mkono mmoja

Kusini-mashariki mwa Kongo, Waluba walikuwa na ubao wa mti uitwao lukasa, uliopambwa kwa shanga, simbi na vipande vya chuma. Wataalamu wa chama cha Mbudye walipitisha vidole juu yake huku wakisimulia wafalme, safari, koo na sehemu takatifu. Shanga moja yaweza kuwa mtu, mstari wa shanga ukawa njia. Hapakuwa na herufi hata moja. Mambo yalifungwa kwenye mguso na kwenye mahali, lugha ambayo hipokampasi huielewa vizuri, na ubao mmoja ukabeba habari ambazo sisi tungejazia madaftari.

Uhakika wako haumaanishi kwamba unakumbuka sawasawa

Waulize wazee wa Morogoro walikuwa wapi tarehe 12 Aprili 1984, siku Waziri Mkuu Edward Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari pale Wami Dakawa, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Watakuambia mahali, saa, aliyekuwa karibu nao, na redio ilikuwa ya nani. Mwaka huohuo chuo kikuu kipya cha kilimo kikapewa jina lake.

Mshtuko hufunga mambo pamoja kwa nguvu, lakini fundo lenyewe linaweza kukosea. Januari 1986, siku moja baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaomba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory waandike waliipataje habari hiyo. Baada ya miaka kama miwili na nusu waliwauliza tena. Robo ya wale waliorudi walikosea kila kitu, na bado baadhi yao walikuwa na uhakika. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, baadhi walikubali kuwa ni wao walioandika, ila wakashikilia kwamba kumbukumbu ya sasa ndiyo ya kweli.

Nyimbo za ujana hazizeeki

Watu wazima wakiombwa kusimulia maisha yao, hadithi nyingi hutoka kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao, na muziki wa kipindi hicho huzivuta kwa urahisi. Kwa maelfu ya Watanzania na Wakenya, kitufe hicho ni gitaa la Mbaraka Mwinshehe, kijana wa Morogoro Jazz aliyekwenda na bendi yake kwenye maonesho ya Expo 70 ya Osaka, Japani, kisha akaunda Super Volcano mwaka 1973. Alifariki nchini Kenya kwa ajali ya gari Januari 1979, akiwa na miaka 34. Piga wimbo wake mmoja mbele ya mtu wa miaka 70, kisha kaa umsikilize.

Panya hakusahau kakakuona kwa miezi 8

Darasa jingine la panya wa Morogoro linafundisha harufu za nyara: magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mbao za mpingo. Wafanya magendo huzificha ndani ya kahawa, sabuni ya unga au nywele za bandia, na panya hujifunza kuipata harufu moja katikati ya zote hizo. Huvalishwa kizibao kidogo chekundu chenye kijimpira kifuani. Akinusa mzigo haramu, anakivuta kwa miguu ya mbele na mlio unamwita mkufunzi. Majaribio yamefanyika mpaka bandari ya Dar es Salaam. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, panya walijaribiwa kwa magamba ya kakakuona waliyokaa miezi 8 bila kuyanusa, nao waliyatambua bila kukosea.

Kituo chao kiko Morogoro mjini na hupokea wageni. Ukishuka Msamvu na una saa chache kabla ya basi lako, nenda ukawaone.